Kuchuma, Kuokota na Kumpitia Mgeni: Namna ya Kutumia "Pick Up"

Mpwa wangu anaendesha watalii Arusha. Jioni moja alikuwa amempokea mgeni uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, na hata Usa River hawajafika, mgeni akamwambia: "I think I picked up a bug in Cairo." Kijana alijua kwamba "pick up" ni kuokota, na "bug" ni mdudu. Akapunguza mwendo, akawasha taa ya ndani, akaanza kukagua kola ya shati la mgeni. Baadaye alinipigia simu: "Mjomba, mtu anaokota mdudu Cairo, anasafiri naye mpaka huku, wa nini?"

Mgeni alikuwa anaumwa tumbo. Alichohitaji ni choo cha karibu, tena upesi.

Sikumcheka sana. Maneno yote mawili aliyajua, na darasani angepata alama zake. Shida ni kwamba "pick" ikishaambatana na "up" huwa si ile tena. Kiingereza kimejaa vitenzi vya namna hii, na wenyewe wanajua kwamba vinatutesa: Samuel Johnson, katika utangulizi wa kamusi yake ya mwaka 1755, alikiri kwamba desturi ya kubandika kijineno nyuma ya kitenzi ndiyo inayowapa wageni taabu kubwa kabisa. Jina la kisarufi wanalolitumia leo, "phrasal verb", lilienezwa na Logan Pearsall Smith katika kitabu chake cha mwaka 1925, naye akasema alilipata kwa Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford. Mimi nikifundisha huviita vitenzi vyenye mkia. Mkia wenyewe ni mdogo, lakini ndio unaogeuza mnyama mzima.

Tuanzie mlimani, kwenye kahawa. Mtu wa Moshi akisema "We picked coffee this morning", maana yake walikuwa shambani, vikapu mikononi, wakichuma matunda mekundu mitini. Akisema "We picked up coffee this morning", walipita dukani au mgahawani wakanunua, wakaendelea na safari. "Pick" peke yake ni kuchuma au kuchagua. Ukiongeza "up", umeondoka shambani.

Usijaribu kukipasua kitenzi hiki vipande viwili ukatafsiri kimoja kimoja. Mfikirie mgeni anayejifunza Kiswahili anapokutana na "piga". Amefundishwa kwamba kupiga ni kuchapa, halafu anasikia watu wanapiga pasi, wanapiga mswaki, wanapiga deki, wanapiga magoti kanisani na kupiga kura Oktoba. Akitafuta kipigo katika kila sentensi atachanganyikiwa. Sisi tulioyanyonya maneno hayo na maziwa tunayameza mazima, na "pick up" nayo ni ya kumezwa hivyo hivyo.

Mahali pa kuweka "it"

Nianze na kosa ninaloliona kila wiki katika ujumbe wa madereva, wahudumu wa hoteli na hata wasomi: "I will pick up you at the airport." Mwingereza ataelewa, lakini sikio lake litajikwaa. Sahihi ni "I will pick you up."

Kanuni yake vitabu huieleza kwa maneno mengi. Msemaji wa Kiswahili hahitaji maneno mengi, maana kanuni hiyo anayo tayari kinywani. Angalia tunavyosema: nilikiokota. Hicho "ki", yaani kitu chenyewe, kimekaa wapi? Hakikungoja mwisho. Kimeingia tumboni mwa kitenzi, nyuma yake wakati, mbele yake shina. Kiingereza nacho hufanya hivyo kwa vitenzi hivi: "I picked it up." Kile kijineno kidogo, "it", "you", "him", "her", "them", hukaa tumboni, kati ya kitenzi na mkia wake. Nitakupitia: "I'll pick you up." Nimewachukua: "I've picked them up." Ukisema "pick up it", ni kana kwamba umesema "niliokota ki", na hakuna mtoto wa Kariakoo atakayekuelewa.

Jina kamili ni habari nyingine. Kwetu jina hukaa nje ya kitenzi: nimeokota funguo. Kwa Kiingereza unaruhusiwa kuliweka nje, "I picked up the keys", au kuliingiza katikati, "I picked the keys up." Zote ni sawa. Ila jina likiwa refu, tuseme "the two German ladies who arrived last night", liache nje. Ukilisukumiza katikati, mkia utafika mwisho wa sentensi msikilizaji akiwa keshausahau.

Ukitaka ushahidi wa kukaa nao kichwani, Waingereza wana neno "pick-me-up", yaani kinywaji cha kumchangamsha mtu aliyechoka, kama chai ya tangawizi asubuhi ya baridi. Huyo "me" amekwama katikati, na ndipo mahali pake.

Sikio kwanza

Mzungu hatakutamkia "pik" halafu "ap". Maneno huungana. "Pick up" husikika kama "pikap", na "pick it up" kama "pikitap", au "pikidap" kwa Mmarekani. Wakati uliopita, "picked up", husikika "piktap", silabi mbili tu. Wengi wetu tunatamka "pikedi apu", na kwa sababu sisi ndivyo tunavyotamka, tunapoisikia "piktap" tunadhani ni neno jipya.

Kiswahili kiliusikia muungano huu zamani. Gari lenye bodi wazi nyuma tuliliita pikapu, na hakuna aliyekumbuka kwamba ndani yake kuna maneno mawili. Hapo ndipo penye tofauti ya kushika: likiwa jina, mkazo huangukia mwanzo, PICK-up, likiwa kitenzi, mkia ndio unaobeba mkazo, pick UP. Katika maandishi, jina huandikwa kwa kistari au neno moja, kama katika ratiba ya safari: "Pick-up at 6:30". Kitenzi daima ni maneno mawili. Anayeandika "I will pickup you" amefanya makosa mawili katika maneno manne.

Maana zake, na njia ya kuzikisia

Ukifungua kamusi utakuta orodha ndefu ya maana na utakata tamaa. Usiikariri. Karibu zote zinatoka kwenye mashina mawili. La kwanza: kitu kilikuwa mahali, sasa kimeingia mkononi mwako, aghalabu bila jasho jingi. La pili: jambo lilikuwa chini, sasa linapanda.

Shina la kwanza ndilo lenye watoto wengi. Kuokota kilichoanguka ni mtoto wa kwanza, na huyo kila mtu anamjua. Wa pili ni kumchukua mtu, na hapa sisi ni matajiri kuliko wao. Kiswahili kinatofautisha kumpitia mtu aliye njiani kwako, kumfuata pale unapotoka mahsusi kwa ajili yake, na kumpokea anapofika kutoka safari. Kiingereza huwatupa wote katika kapu moja la "pick up". Kwa hiyo ukitafsiri kutoka kwao, simama kidogo uangalie ni hali gani. Na tafadhali usimwambie mgeni, ukifurahia Kiswahili chako mbele yake, kwamba "nimekuokota uwanja wa ndege". Anayeokotwa kwetu ni mtoto aliyetupwa.

Kununua kwa kupitia ni hivyo hivyo. Mgeni akikuomba "Could you pick up some water on the way?", hakutumi ukaokote chupa barabarani. Anataka usimame dukani ununue, na kwa kawaida atakulipa.

Kujifunza bila kufundishwa. "Where did you pick up your English?" ni swali la kupendeza, ujibu kwa furaha. Nalisema hili kwa sababu kwetu "Kiingereza cha kuokota" kina harufu ya dharau. Anayeambiwa hivyo anahisi amesemwa kwamba hakwenda shule. Kwao haina dharau hiyo. Lugha iliyookotwa gereji, sokoni au melini huhesabiwa kipaji, na mtu akikwambia "You pick things up quickly" amekusifu kwamba wewe ni mwepesi wa kushika mambo.

Kuugua, kama mgeni wa mpwa wangu. Ni kwa maradhi yanayoambukiza: mafua, tumbo la safari, homa. "I picked up a cold on the plane." Kisukari hakiokotwi, wala mguu uliovunjika. Na huyo "bug", katika mazungumzo ya afya, ni ugonjwa mdogo mdogo wa kuambukiza. Ondoa macho kwenye kola za watu.

Kunasa. Redio hunasa stesheni, kipaza sauti hunasa kikohozi cha mtu wa nyuma, mbwa hunasa harufu: wote hao "pick up". Binadamu akinasa jambo ambalo halikusemwa waziwazi, tuseme hasira iliyofichwa nyuma ya tabasamu, wanaongeza mkia wa pili: "She picked up on it." Ukiwa kazini na watalii, hiyo ndiyo stadi ya kwanza.

Kuendeleza kilichokatika. "Let's pick up where we left off": tuendelee tulipoishia. Picha yake ni ya mtu aliyeweka ushonaji chini kwenda kufungua mlango, kisha akarudi kuushika uzi ule ule.

Kulipa. Mkiwa mezani mtu akasema "I'll pick up the bill", usimwache anyooshe mkono kuchukua karatasi huku wewe unahesabu noti zako. Amesema chakula ni juu yake. Shukuru.

Polisi nao wana fungu lao. "He was picked up last night" katika gazeti maana yake alikamatwa, au kama wanavyosema mitaani, alibebwa. Sentensi hiyo hiyo kwa dereva wa hoteli ina maana kwamba mgeni keshachukuliwa, na yuko salama kabisa. Angalia nani anasema.

Shina la pili halina watoto wengi, ila ni wa kazi. "The wind is picking up": upepo unazidi. Ukiyasikia maneno haya kwa nahodha ukiwa ndani ya mashua, acha kupiga picha, shika kitu. "Bookings pick up in June": baada ya masika kupita, watalii wanaanza kumiminika, kazi inachangamka. Kuchangamka ndilo neno letu hasa hapo, kwa biashara na kwa mgonjwa anayepata nafuu pia. Halafu kuna "pick up the pace", kuongeza mwendo. Waongozaji wa Kilimanjaro wataulizwa na kijana mwenye nguvu siku ya kwanza: "Can we pick up the pace?" Jibu lake lina maneno mawili, nalo wageni wengi huwa wamekwisha kulisikia kabla hata ya kutua: pole pole.

Simu, na Kiingereza chetu

Simu nimeitenga kwa sababu hapa ndipo tulipojitengenezea mtindo wetu. Simu za zamani zilikuwa na kono lililolala juu ya kitako, ikilia, ulilinyanyua. Ndiyo asili ya "pick up the phone", na ndiyo asili ya "hang up" kwa kukata, maana zile za ukutani kono lilitundikwa. Leo hatunyanyui wala kutundika, tunatelezesha kidole tu, ila maneno yamebaki. Mtanzania hupokea simu, Mkenya huishika, Mwingereza "picks up". Akisema "She isn't picking up", amemaliza. Hahitaji kutaja simu.

Sisi, kuanzia Kampala hadi Nairobi hadi Dar es Salaam, tumezoea kuukata mkia: "He is not picking my calls." "Pick me from the airport." "I am coming to pick my documents." Wapo walimu wanaotoa machozi wakisikia hivyo. Mimi sitoi. Lugha ikikaa mahali muda mrefu huota mizizi ya mahali hapo, na kati yetu sisi kwa sisi hakuna asiyeelewa. Lakini fahamu sikio la mgeni linasikia nini. "Pick me at six" kwake ni "nichague mimi saa kumi na mbili", kama mtoto uwanjani anayepunga mkono asiachwe timu zikigawanywa. Kwa hiyo katika mtihani, katika barua ya kazi na katika ujumbe kwa mteja wa mbali, rudisha mkia: "pick me up". Kwa simu, lililo salama kuliko yote ni "answer": "He is not answering my calls."

Cha kuchekesha ni kwamba mkia tunaoukata hapa tunaubandika pale usipotakiwa. Wengi tunasema "cope up with the situation". Hakuna "up" hapo. Ni "cope with", basi.

Mahali pa kukanyaga taratibu

Kuna maana moja ambayo vitabu vya shule huipita kimya. "He picked up a woman in a bar." Hakumpa lifti. Mtaani kwetu tungesema ameopoa. Inavutia kwamba lugha zote mbili zilifika mahali pamoja kwa njia tofauti: wao waliokota, sisi tulivua majini. Dereva anayemweleza bosi wake, "Last night I picked up two ladies at the bar", anaweza kuwa anaripoti kazi halali ya kuwarudisha wageni hotelini, ila bosi ataganda kidogo. Palipo na baa, usiku na mtu asiyejulikana, tumia "collect" au "gave them a lift". Palipo na ratiba, hoteli na uwanja wa ndege, "pick up" haina doa.

Mwingine wa kuangaliwa ni "pick up after". "Please pick up after yourselves", kwenye kambi au ufukweni, ni ombi la kuokota taka mlizoacha. Ni maneno ya adabu, lakini ukimwambia mtu mzima peke yake yanauma, kwa sababu ndivyo wazazi wanavyowaambia watoto.

Mikia mingine ya "pick" nitaitaja kwa haraka, usije ukaichanganya na huu. "Pick on" ni kumwonea mtu mmoja kila mara. "Pick out" ni kuteua, au kumtambua mtu katika kundi. "Pick at" ni kudonoadonoa chakula bila hamu. Hakuna hata mmoja kati yao unaoweza kusimama mahali pa mwenzake.

Ujumbe wa kuanzia

Ukitaka kujizoeza, usiandike sentensi za daftari. Andika ujumbe utakaoutuma kweli. Huu nilimwandikia mpwa wangu, na bado anao kwenye simu:

"Good evening. I will pick you up at the hotel gate tomorrow at 6:30 a.m. We can pick up some water and fruit on the way. If you don't see me, please call and I will pick up."

Maneno ni yale yale mara tatu, maana tatu: nitakupitia, tutanunua njiani, nitapokea simu. Angalia "you" ilivyokaa tumboni kule mwanzoni, na "some water and fruit" ilivyoachwa nje. Mwishoni hakuna kitu chochote, kwa sababu simu imeshatajwa na "call".

Yupo atakayepatia "pick you up" na bado akamkosa mgeni, kwa sababu ya saa. Ile 6:30 a.m. kwetu ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ukiandika 12:30 kwa mazoea, mgeni atashuka getini mchana, ameshiba, wakati wewe umeondoka kwa hasira tangu saa mbili. Mpwa wangu siku hizi huandika saa za Kiingereza kwenye ujumbe, halafu kiganjani, kwa kalamu, anajiandikia zake.